Makao Makuu ya Tarishi Shigela

Nchi ninayoisimulia haipo. Ukiikosa kwenye ramani usishangae, na ukihisi kwamba unaijua, basi ni macho yako, mimi simo. Kazi yangu hapa ni kukumbuka tu, na kukumbuka, hadi leo asubuhi nilipopita kwenye ubao wa matangazo, bado hakujapangiwa adhabu.

Katika nchi hiyo simu zilikuwepo, ila serikali haikuziamini. Kiongozi Mkuu aliwahi kusikia kwenye waya mtu asiyemjua akikohoa. Tangu siku hiyo, Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka ule wa viwavi, kila neno la serikali likawa linasafirishwa kwa baiskeli. Kutoka Makao Makuu hadi mji wetu wa mpakani ni kilomita mia nne na themanini. Tarishi huenda kwa siku tatu, hurudi kwa siku tatu, na siku ya saba hupumzika kwa kuosha baiskeli.

Tarishi wa njia yetu aliitwa Shigela. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye maneno. Mkewe, Nyamizi, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la chumvi, nami nilikuwa nikitengeneza baiskeli hatua sita kutoka alipokaa. Baiskeli ya Shigela niliijua kuliko nilivyowajua ndugu zangu. Shule sikwenda. Nilijifunza kusoma kwenye magazeti ya kufungia vitumbua, kwa hiyo habari nyingi za nchi nilizijua zikiwa na mafuta. Shigela akanibandika jina la Wakili wa Spoku.

Tarishi alivaa Kaptula ya Taifa. Ilibuniwa na kamati ya watu kumi na wanne chini ya Wizara ya Mavazi na Mwendo. Kati yao aliyewahi kupanda baiskeli alikuwa mmoja, naye alikuwa amepakiwa nyuma. Kwa kuwa nchi ina mikoa minne, kaptula ilikatwa vipande vinne, na mishono yote minne ikakutana mahali pamoja, chini, pale pale mtu anapokalia. Mahali hapo kisheria paliitwa Mshono wa Umoja. Ulishonwa kwa uzi wa katani, mara tatu, ili taifa lisiachane. Kitambaa kilikuwa kaki nzito iliyotiwa wanga, ikilowa jasho inakuwa kama bati lenye hasira.

Siku ya uzinduzi Waziri alisema, na nayanukuu maneno yake kwa sababu nilikuwepo nikiwa nimeshika pampu: "Ndugu wananchi, kuanzia leo tarishi wetu hatakalia siti tu. Atakalia mshikamano."

Tulipiga makofi. Shigela naye alipiga.

*

Mwaka wa kwanza alikuwa akirudi anatembea kama kawaida. Mwaka wa pili alianza kutembea miguu imeachana. Mwaka wa tatu, siku moja ya mwezi wa sita, alifika barazani, akaegemeza baiskeli, na Nyamizi akamsogezea kigoda na sahani ya ugali kwa dagaa.

"Kaa ule."

"Nimekaa siku tatu, mke wangu. Niache nisimame kidogo nione dunia ilivyo huku juu."

"Shigela. Kaa."

"Wakili," akanigeukia, "mwambie huyu mwanamke kwamba sheria inaruhusu mtu kula amesimama."

Nikasema sheria iko kimya juu ya jambo hilo. Nyamizi hakucheka. Alikuwa ameona doa nyuma ya kaki, dogo, rangi ya kutu. Alimshika mkono akampeleka ndani, akavuta pazia. Alipotoka alikuwa na kaptula mkononi, ameigeuza ndani nje. Akaiweka juu ya meza ya cherehani, akapitisha kidole kwenye ule mkutano wa mishono, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Shemeji," akaniambia, "aliyeshona hivi hakushona nguo. Ameshona kisu."

Nataka muelewe kwamba Nyamizi hakuwa mtu wa siasa. Siasa zake zote zilikuwa kwenye mishono.

Kesho yake alitandaza pumba za mahindi kwenye sinia kubwa la bati, akazinyunyizia maji kidogo zishikane, akazisawazisha kwa kiganja. Akamwambia mumewe avue viatu, akae juu yake na ajikunje mbele kama ameshika usukani. Shigela alikaa akilalamika kwamba anageuzwa kuku. Alipoinuka, kwenye pumba kulikuwa na mabonde mawili madogo, kila moja kama alama ya yai.

"Unaona?" Nyamizi akaniita. "Mtu hakai kwa nyama. Anakaa kwa mifupa miwili, hii na hii. Sponji nene iende hapo tu. Katikati iwe nyembamba, iwe kama mfereji, damu ipite. Na hapo katikati usipite uzi hata mmoja."

Akapima kwa futikamba kutoka bonde hadi bonde. Alichora kwenye karatasi ya kaki mishono ikihamia pembeni, juu ya nyonga, na chini kipande kimoja kizima chenye umbo la kishada cha kurushwa na watoto, kisichokatwa popote. Kiuno kiwe juu nyuma na chini mbele, maana mwendesha baiskeli ameinama, hajasimama kwenye gwaride. Miguu ishuke hadi karibu na magoti, mapaja yasisuguane. Lastiki iwe pana, ishike bila kukaba. Ndani asivae kitu kingine.

Kitambaa alikipata kwenye taiti za mitumba, zile zinazovutika huku na huku na kukauka upesi. Sponji hakuipata popote. Ikabidi akate kwenye godoro lao wenyewe, na alikata upande wake yeye.

*

Shigela aliondoka na kaptula hiyo siku ya Alhamisi. Alirudi Jumanne saa nane mchana, ametangulia muda wake kwa saa nne nzima. Akashuka. Akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa. Nyamizi alisimamisha mguu kwenye cherehani.

"Wakili," Shigela akasema, "kuna ndege kwenye ile njia."

"Ndege gani?"

"Sijui majina yao. Wa bluu, wengi, wanakaa kwenye nyaya za zile simu zisizoaminiwa. Miaka mitatu napita pale sijawaona. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu." Akamtazama mkewe. "Na kuna kijiji baada ya daraja la pili, wanafuga bata mzinga. Mke wangu, mimi sikujua kama nchi hii ina bata mzinga."

Mimi nimesoma magazeti mengi, hata yale ya sikukuu ya kuzaliwa Kiongozi Mkuu. Sijawahi kusoma habari njema zaidi ya hiyo.

Safari tatu alivaa ile kaptula. Vidonda vikafunga. Alinenepa kidogo mashavuni. Safari ya nne, kwenye daraja la kwanza, akakutana na Ukaguzi wa Mshono, ambao ulikuwa umeanzishwa wiki hiyo kwa sababu kuna tarishi mahali alionekana akitabasamu kazini.

Mkaguzi alikuwa na rula ya mbao. Akamgeuza Shigela, akapima, akapima tena.

"Umoja uko wapi?"

"Upo pembeni, afande."

"Pembeni?"

"Umehamia huku nyongani. Upo wote, sijaupunguza."

Mkaguzi akaandika kwenye daftari kwamba tarishi amekutwa na mikoa minne isiyokutana. Yeye na wenzake wakaichana kaptula kwa mkasi pale pale darajani, mbele ya watu waliokuwa wakivuka na mbuzi wao, wakampa Kaptula ya Taifa mpya, yenye wanga mbichi. Alibakisha kilomita mia nne na ishirini.

Mtauliza kwa nini hakuacha kazi. Tarishi haachi kazi, kwa sababu amebeba siri. Hustaafu akifikisha miaka sitini au akifa, lolote litakalotangulia kupigwa mhuri.

*

Basi tukaomba ruhusa. Sheria ilikuwa wazi: mabadiliko ya vazi la taifa huombwa kwa barua kwa Waziri. Barua niliandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, na hili silisahau hata nikilala. Ilisema hivi:

"Makalio ya tarishi yanaumia kwa sababu ya kukaa muda mrefu. Yanahitaji kuwekewa sponji, nene pande mbili na nyembamba katikati. Yasibanwe. Yapitishiwe hewa. Mshono unaopita katikati yake uondolewe. Vipimo vipo katika Kiambatisho A."

Kiambatisho A kilikuwa mchoro wa Nyamizi wa yale mabonde mawili.

Na kwa kuwa barua zote zilikwenda kwa tarishi, tarishi wa njia yetu akaiweka kwenye mkoba wake, akapanda juu ya kile barua ilichokuwa inakizungumzia, akaenda.

Ilirudi baada ya siku sita. Haikuwa imefika kwa Waziri. Ilikuwa imesimamishwa na Ofisi ya Staha ya Maandishi, na neno la kwanza kabisa, makalio, lilikuwa limezungushiwa duara jekundu. Pembeni Afisa Staha aliandika: "Neno hili haliwezi kusomwa mbele ya Mheshimiwa akiwa ameketi. Rekebisha."

Nikaandika "sehemu ya kukalia". Shigela akapeleka. Kilomita mia tisa na sitini kwenda na kurudi. Ikarudi na duara: "Kukalia nini? Fafanua."

Nikaandika "sehemu ya nyuma". Akapeleka. Ikarudi: "Nchi hii haina sehemu ya nyuma. Tunasonga mbele tu."

Hapo ndipo damu ikanipanda. Nilichukua karatasi mpya nikaandika makalio, kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini mara mbili. Nilisema neno la babu zetu halifichwi, kila Mheshimiwa amelikalia tangu azaliwe, na kama wanaliogopa basi walisome hadi walizoee. Nilizungumza vizuri sana. Hata muuza chumvi alitoka dukani kusikiliza.

Shigela alikuwa ameegemea nguzo. Safari hiyo macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa anasogeza uzito kutoka mguu huu kwenda huu.

"Andika hivyo hivyo, Wakili," alisema. "Imenyooka."

Nyamizi hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Shemeji, wewe unagombana na karatasi. Karatasi inasafiri juu ya mume wangu."

Nilimsikia. Masikio yangu ni mazima. Nikaibandika bahasha.

Ilirudi na duara, kama mnavyojua. Safari hiyo ilikuwa ya kiburi changu, na naitaja peke yake ili isije ikahesabiwa kwenye makosa ya serikali.

*

Aliporudi na hiyo barua alikuwa na jipu. Tulimpeleka zahanati, Nyamizi upande huu, mimi upande huu. Mganga alimtazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu mtu asipande baiskeli mwezi mzima, na kwamba jipu limeingia ndani. Akachukua fomu ya mapumziko ya ugonjwa.

Fomu ile ilikuwa na orodha ya viungo vya mwili vinavyotambuliwa na serikali. Kichwa. Kifua. Tumbo. Mikono. Miguu. Kati ya tumbo na miguu palikuwa na nafasi nyeupe, upana wa kidole.

"Niweke alama wapi?" mganga aliuliza, na aliuliza kweli.

"Weka hapo katikati," nikasema.

"Hapo hapana kiboksi."

Aliigeuza fomu akaangalia na nyuma yake. Alikuwa mtu mwema, msimlaumu. Mwishowe akatia alama kwenye Tumbo, akaongeza kwa kalamu: upande wa nyuma. Dirisha la dawa walisoma Tumbo, wakampa dawa ya minyoo. Kwenye mapumziko waliandika siku moja, kwa sababu minyoo hutoka kwa siku moja.

Shigela alicheka hadi akashika ukuta. "Tumbo upande wa nyuma. Wakili, kumbe mimi nina mgongo wenye njaa."

Nyamizi alimkanda kwa maji ya moto na chumvi hadi alfajiri ya kuondoka. Kwenye ile barua iliyorudi, chini ya duara, Afisa Staha safari hii alikuwa ametuonea huruma akatupa neno. Aliandika: "Kwa kuwa mtu hukaa kwa kutumia sehemu hiyo, tumia *makao*."

"Tumia," Nyamizi akaniambia.

Nikatumia. Makao ya tarishi yanaumia. Sarufi haikutikisika hata kidogo. Yanahitaji, yasibanwe, yapitishiwe hewa, kila kitu kilikubaliana na chenzake, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba angalau ngeli imebaki ile ile.

*

Haya yaliyofuata niliyajua baadaye, kwenye nakala zilizoambatanishwa.

Barua ilipita Ofisi ya Staha bila duara. Ikafika kwa mpiga chapa wa Wizara. Mpiga chapa huyo, katika utumishi wake wote, neno makao alikuwa hajawahi kuliandika bila kuliongezea makuu. Akaliongeza, kwa heshima. Kisha akaona "Makao Makuu ya tarishi" haileti maana, akamwondoa tarishi.

Waziri akasomewa: "Makao Makuu yanaumia kwa sababu ya kukaa muda mrefu."

Inasemekana aliomba isomwe mara ya pili. Kisha Waziri akasema, "Hatimaye kuna mwananchi ametuona."

Ikaundwa tume. Iliwahoji wakubwa mia moja na kumi, na wote walithibitisha kwamba ni kweli, wanaumia, walikuwa hawapendi tu kusema. Tume ikafuata barua yetu neno kwa neno. Yasibanwe: likajengwa jengo jipya la upande wa mashariki. Yapitishiwe hewa: vikafungwa viyoyozi. Mshono unaopita katikati yake uondolewe: walitafuta mshono kwenye jengo, wakagundua kinachopita katikati ni ujia wa wananchi wanaoleta malalamiko, wakauziba kwa matofali. Na sponji, nene pande mbili na nyembamba katikati, ikaagizwa ya mito arobaini ya viti vya wakubwa, ishonwe na fundi mwenye Kiambatisho A.

Idhini ikawekwa mihuri sita, ikafungwa kwa lakiri, akakabidhiwa tarishi wa njia yetu. Alikuwa anatetemeka kwa homa, kwa hiyo walimsifu kwa kuonyesha hofu mbele ya nyaraka.

*

Alifika siku ya nne badala ya ya tatu. Hakuwa juu ya baiskeli. Alikuwa anaisukuma, ameilalia kifua, na miguu inakuja nyuma yake kama ya mtu mwingine. Tulimkimbilia. Mkononi alikuwa ameshika bahasha, hata kwenye mkoba hakuiweka.

"Imekuja," alisema. "Ina mihuri sita. Nimeihesabu njia nzima."

Tulimlaza kwa tumbo ndani, kwenye mkeka uliotandikwa juu ya lile godoro lililokatwa upande. Mwili wake ulikuwa unachoma. Nyamizi alipiga magoti karibu na kichwa chake.

"Soma, Wakili."

Nikavunja lakiri. Nikasoma kimya mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyamizi alikuwa ananitazama usoni, na najua aliona.

"Soma basi," Shigela akasema, "au gazeti hili halina mafuta?"

Nikasoma kwa sauti. "Wizara imepokea maombi ya tarishi Shigela. Wizara inasikitika kwa maumivu aliyoyapata. Imekubali kaptula ishonwe kama fundi alivyopima. Mshono uondolewe."

"Uondolewe," alisema.

"Uondolewe kabisa."

"Wametaja jina langu?"

"Mara mbili."

Alifumba macho. "Unaona. Ni watu pia wale."

Nimesema uongo mwingi mdogo katika maisha yangu, kwa wenye baiskeli hasa. Huo ndio pekee ambao ningeurudia leo hii neno kwa neno.

Nyamizi aliinuka. Nikasikia mkasi. Alikata sponji iliyobaki kwenye godoro, ya upande wake, akashona mchana ule mzima, na cherehani haikusimama. Jioni alimvalisha polepole, ile kaptula ya kishada kimoja kizima. Shigela alipeleka mkono nyuma akapapasa.

"Hakuna kitu," alisema.

"Hakuna," Nyamizi akajibu.

"Nikiamka nitakuonyesha wale bata mzinga. Nitakupakia."

Aliishi siku mbili zaidi. Ile Ijumaa, saa tatu asubuhi, akaacha kupumua, akiwa amelala kwa tumbo, uso ameuelekeza upande wa cherehani.

Cheti kilitoka haraka, nasema ukweli, serikali ikitaka inaweza. Sababu ya kifo: Tumbo, upande wa nyuma.

*

Lori la Wizara lilifika wiki iliyofuata limejaa sponji mpya, nyeupe, marobota hadi juu. Nyamizi alisimama barazani akaitazama. Yeye mara mbili alikuwa amekata godoro.

Akashona mito arobaini. Niligombana naye. Nilimwambia agome, nikasema maneno makubwa. Alinijibu kwamba fundi akigoma huletewa askari, naye hana nguvu ya kuwapikia chai. Alishona yote kwa kipimo kilichokuwa kwenye Kiambatisho A, kwa sababu ndicho kilichoagizwa na hakuwa na kingine. Kwa hiyo kwenye viti arobaini vya Makao Makuu kuliwekwa mabonde mawili mawili, yenye umbali wa mifupa ya mtu mmoja, ambaye hakuwahi kukaribishwa hata kwenye benchi la mapokezi.

Siku ya kuikalia, gazeti liliandika hotuba ya Waziri yote. "Taifa limekimbia sana," alisema. "Leo taifa limeketi." Vitumbua vya siku ile sikuvinunua.

Mwezi haukuisha, akaja tarishi mpya. Alikuwa mtu mzima, mwenye upara, mpole, aliyehamishwa kutoka njia ya kusini. Alimpa Nyamizi bahasha kwa mikono miwili.

"Karibu kiti, kaka."

"Ahsante, mama. Nitasimama kidogo."

Nyamizi akanitazama. Nilifungua nikasoma, na safari hii nilisoma kilichoandikwa.

"Mito imepokelewa. Hata hivyo, mabonde mawili yaliyomo hayalingani na Mheshimiwa Waziri, na yanamletea usumbufu. Mtu aliyepimwa katika Kiambatisho A anatakiwa kufika Makao Makuu yeye mwenyewe, bila kukosa, akae mbele ya wataalamu, ili ijulikane kosa lake."

Nikachukua kalamu yangu. Nilikuwa na kurasa tatu tayari kichwani.

"Lete hapa, shemeji," Nyamizi alisema. "Hii naandika mimi."

Aliandika mstari mmoja, polepole, akibonyeza kalamu kama anapiga chaki kwenye kitambaa: *Mwenye makalio haya amezikwa.* Akaikunja, akampa yule tarishi. Tarishi akapanda baiskeli, akasita kabla ya kukalia, akakaa, akaenda.

Siku ya sita alirudi nayo. Anatembea miguu imeachana.

Nyamizi akaifungua mwenyewe juu ya meza ya cherehani. Kulikuwa na duara moja jekundu, limezungushwa kwa uangalifu, halikutoka nje ya neno. Pembeni wameandika: "Rekebisha."

Neno amezikwa halikuguswa. Hilo lilikuwa na staha.

Tarishi alikuwa amesimama ameegemea ile nguzo, akisubiri jibu la kurudisha, akisogeza uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Nyamizi aliingia ndani. Alikaa huko. Alipotoka alikuwa amebeba lile sinia la bati, limefunikwa kanga. Sikujua kama bado analo. Akalifunua. Pumba zilikuwa zimekauka na kuingia wadudu, lakini mabonde mawili yalikuwepo vile vile, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Aliyatazama. Akanyunyiza maji. Akaweka kiganja juu yake, akakiacha pale bila kukisogeza, na sisi wawili tukageuza nyuso tukatazama barabara.

Tulipogeuka tena pumba zilikuwa zimesawazishwa.

"Vua viatu, kaka," alimwambia. "Kaa hapa."